Mbuzi wa Njiru na Kitabu cha Wamakabayo

Serikali ilipotangaza kwamba watu wazima nao wafundishwe kusoma, wanawake wa Kanja waliingia darasa la gumbaru kila mmoja na sababu yake. Wapo waliotaka kuandika majina yao kwenye kiwanda cha kahawa, badala ya kuchovya kidole gumba kwenye wino na kurudi nyumbani na kidole cha zambarau kama waliokamatwa. Wapo waliotaka kusoma barua za watoto wao bila kumpitishia jirani siri za nyumba. Wapo pia waliokuja kupumzisha mgongo tu, na nani awalaumu.

Ciakuthii alikuja kumtafuta Yuda Makabayo.

Hakumwambia mtu. Alikaa dawati la nyuma, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye viganja vyeusi kwa utomvu wa kahawa, akazifuata herufi kwa haraka ya mtu aliyeacha mgonjwa nyumbani. Mwalimu alipomuuliza angependa kusoma nini kwanza, alisema Biblia. Mwalimu akafurahi, akadhani ni mambo ya wokovu. Kumbe ilikuwa kesi. Ciakuthii alikuwa na kesi na mumewe juu ya mtoto wao aliyekufa, na ushahidi wake wote ulikuwa ndani ya kitabu ambacho hakuweza kukisoma.

Baba yake, mzee Nthiga, alikuwa katekista kule Karurumo enzi za mapadri wenye ndevu ndefu. Shule alikuwa ameionja tu, lakini alichosomewa mara moja hakikutoka kichwani. Kila Novemba aliwaongoza watoto makaburini, na kila Novemba aliwasimulia habari ile ile. Vita vimekwisha, Yuda Makabayo anakwenda kuwazika askari wake, na ndani ya nguo za maiti anakuta hirizi za miungu ya kigeni. Mwingine angetema mate akaenda zake. Yuda na watu wake walisali, wakaomba wafu wale wafutiwe dhambi, kisha Yuda akachangisha sadaka ikapelekwa Yerusalemu kwa ajili yao.

"Imeandikwa," Nthiga angesema, akijipiga goti kwa kiganja. "Si mimi nasema. Imeandikwa."

Hapo ndipo alipowafundisha toharani. Kuna watu, alisema, wanaokufa wakiwa si wabaya wa kutupwa wala si safi wa kuingia. Hao husafishwa, na sala za walio hai huwasaidia, kama mtu anavyosaidiwa kujitwika kuni. Ciakuthii alikua akiamini hivyo jinsi alivyoamini kwamba Ena ni mto na Kirinyaga ni mlima.

Njuki wa Kanja alipokuja kumposa, Nthiga alikubali shingo upande, maana Njuki alikuwa Mwanglikana, tena aliyeokoka. Ciakuthii alifuata kanisa la mumewe, akamrudishia mama yake rozari, na kwa miaka mingi hakuona tofauti kubwa. Nyimbo zilikuwa nzuri kote kote. Mumewe naye hakuwa mtu mbaya. Hakunywa, hakumpiga, kahawa yake ilikuwa safi kuliko ya majirani, na alipofanywa mzee wa kanisa hakuna aliyeshangaa. Shida ya Njuki ilikuwa moja: karibu kila mara alikuwa sahihi, na mtu wa namna hiyo ni kazi kuishi naye.

Mtoto wao wa kwanza aliitwa Njiru, jina la baba yake Njuki, kama desturi inavyotaka. Wa pili akaitwa Nthiga, jina la babake Ciakuthii. Mtoto aliyebeba jina la babu huheshimiwa kama babu, kwa hiyo Njuki akimwita Njiru alikuwa anamwita baba yake mzazi, na tangu kijana yule akiwa mdogo alimwita "baba" kwa sauti ya utani iliyokuwa na mapenzi ndani yake.

Njiru alikuwa mtu wa furaha na mvivu. Alijua kupiga mbinja ya kila ndege, na alijua pia kila nyumba iliyokuwa na karubu, ile pombe ya miwa. Msimu mmoja wa kahawa Njuki alimkuta amelala chini ya mti, amelewa, na magunia ya kahawa iliyochumwa asubuhi yanachemka juani. Akampiga kofi. Njiru akaamka na, kabla hajajua anachofanya, akalirudisha lile kofi. Wachumaji wote waliona. Siku hiyo hiyo kijana alishuka Mbeere, upande wa Ishiara, akaajiriwa kuchunga mifugo ya watu, na nyumba ikanyamaza.

Kwa watu wa Kanja, mtoto aliyeinua mkono juu ya mzazi hana njia ya kurudi ila moja. Alete mbuzi dume, wazee waitwe, mbuzi achinjwe, baba na mwana wale nyama ile pamoja, na neno lile lisitajwe tena. Njuki, ambaye Jumapili baada ya Jumapili alizikemea mila za zamani, hii hakuikemea. Alisema wazi kwamba Njiru hatakanyaga ua wake bila mbuzi. Wokovu una mlango wake, na heshima ya mzee ina wake, na Njuki alishika funguo za milango yote miwili.

Njiru alichunga mpaka akapata mbuzi. Alianza safari ya kurudi katika juma la kabla ya Pasaka, mwaka wa sabini na saba, mvua ikinyesha usiku na mchana, na Ena imejaa maji mekundu. Hakuna aliyemwona akiingia mtoni. Mbuzi alikutwa ng'ambo ya huku, ng'ambo ya nyumbani, anakula majani, kamba ikiburuta. Njiru alikutwa chini sana, amenaswa kwenye mizizi.

Ciakuthii aliyasikia mahubiri ya mazishi kama mtu anayesomewa hukumu. Mchungaji alisema mtu hufa mara moja tu na baada ya hapo ni hukumu. Alisema mti ukianguka, pale ulipoangukia ndipo hulala. Hakusema Njiru amepotea, alikuwa na adabu zake, lakini aliomba kwa ajili ya waliobaki tu, na juu ya jeneza hakutamka hata ombi moja. Watu wa Kanja hawakushtuka, ndivyo walivyozoea. Binti wa katekista alishtuka. Aliona mtoto wake anafukiwa bila mtu kumsaidia kujitwika chochote.

Kesho yake alimfuata mumewe kwenye vitanda vya kuanikia kahawa. Alimwambia kwamba Njiru alikuwa njiani. Hakufa akiwa ameinua mkono, alikufa akiwa ameshika kamba ya mbuzi. Kama kuna mtu ambaye si wa kutupwa wala si wa kuingia, ni huyo. Basi Njuki ampokee yule mbuzi, aseme amemsamehe, na wamwombee.

Njuki alijibu bila hasira kwamba kesi ya Njiru imekwenda kwa Mungu, na mwanadamu akiingia hapo anajifanya hakimu. Ciakuthii akamwambia imeandikwa, baba yake alimsimulia, Yuda Makabayo aliwaombea wafu. Njuki aligeuza kahawa kwa mikono yake miwili, muda mrefu.

"Nionyeshe," alisema mwishowe. "Ukinionyesha kwa Biblia, kwa kidole, Jumapili hiyo hiyo nitasimama kanisani niseme nimesamehe Njiru. Na nitapiga magoti nimwombee pamoja na wewe."

Ilikuwa ahadi, na Njuki hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Ndiyo sababu gumbaru ilipoanzishwa baada ya miaka miwili, Ciakuthii alikuwa wa kwanza mlangoni. Wakati huo wote alikuwa akimwombea Njiru kimya kimya akichuma kahawa, mti mmoja hadi mwingine, na mbuzi alikuwa angali amefungwa nyuma ya jiko. Njuki hakutaka kumchinja wala kumwuza. Mbuzi alizeeka, akaota ndevu za manjano, akafa, na hakuna aliyemla.

Kusoma Ciakuthii alijua haraka. Kusoma Biblia ya Kiswahili nzima, kidole kikitambaa chini ya kila mstari, baada ya shamba na ng'ombe na jiko, hilo lilichukua miaka. Aliianza mwanzo kabisa, kwa sababu hakujua Yuda wake anakaa ukurasa gani, na hakutaka kumpita.

Njiani aliokota vitu. Katika Mathayo alikuta maneno ya Bwana juu ya mtu aambiwaye apatane na mshitaki wake wakiwa bado njiani, asije akatiwa gerezani asitoke mpaka amalize kulipa kila kitu. Alimsomea Njuki. Mpaka amalize, alimwambia, maana yake iko siku ya kutoka, na jehanamu hakuna anayetoka. Njuki akasema hayo ni ya mahakama za hapa duniani, Bwana alikuwa anafundisha watu wapatane mapema. Katika Wakorintho alikuta mtu ambaye kazi yake inateketea, lakini yeye mwenyewe anaokolewa, kama aliyepita motoni. Njuki akasema hapo wanasemwa wahubiri na kazi zao, na kinachoungua ni kazi, si mtu. Kisha akamuuliza: yule mwizi msalabani, aliyeahidiwa peponi siku ile ile, yeye alipitia wapi?

Njuki hakujibu vibaya, lazima isemwe. Ciakuthii mwenyewe alirudi jikoni mara nyingi akiyapima maneno yake. Na kila mara Njuki alimalizia hivyo hivyo, kwamba yeye aliahidiwa Yuda, basi aletewe Yuda.

Akina Yuda aliwakuta. Alimkuta mwana wa Yakobo, akamkuta yule wa vipande vya fedha, akakuta na waraka mfupi wa Yuda mwingine karibu na mwisho, akausoma mara tatu kwa matumaini. Makabayo hakuwemo. Alifika Ufunuo, akafika Amina ya mwisho, akabaki ameishika ile karatasi nyeupe iliyofuata kana kwamba kitu kingetokea juu yake. Kisha akarudi mwanzo, akidhani labda amepitiwa, akakagua kama kuna kurasa zilizogandana. Zamu ya pili ilikuwa ya haraka zaidi na ya uchungu zaidi. Hakuwemo.

Mtu atauliza kwa nini hakwenda kumuuliza Mkatoliki yeyote, na Kanja na Karurumo wamejaa. Lakini Ciakuthii hakuwahi kuwaza kwamba Biblia zaweza kuwa mbili. Mungu mmoja, kitabu kimoja, nani angefikiri vingine? Kwake yeye, kama Yuda Makabayo hakuwemo ndani, basi mzee Nthiga alimtunga. Aliwatungia watoto hadithi makaburini na kujipiga goti akisema imeandikwa. Kwenda kuuliza watu kungekuwa kumvua babake nguo hadharani, tena marehemu. Alimstahi. Aibu ile aliimeza peke yake.

Siku alipoifunga Biblia kwa mara ya pili, aliacha kumwombea Njiru. Hakuacha kwa hasira. Aliacha kama mtu anayeacha kumwita aliyeondoka, akijua hasikii. Aliendelea kuchuma kahawa, mti mmoja hadi mwingine, mdomo umefungwa. Na kitu kingine kilitokea ambacho hata yeye hakukipanga: lile jina la Nthiga likawa zito mdomoni. Mwanawe wa pili, aliyelibeba, akaanza kumwita "kijana" tu. Kijana njoo ule. Kijana umeamkaje. Mtoto alikua, akawa fundi wa magari mjini Meru, na mamaye bado alimwita kijana, na hakuna aliyejua kwamba ndani ya neno hilo dogo kulikuwa na mzee aliyezikwa mara mbili.

Kijana huyo alioa Makandi, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa kutoka Ruiri, huko huko Meru. Makandi alikuwa Mkatoliki wa kutoka utotoni, mcheshi, asiyeogopa wakwe. Njuki alipoanza kuvimba miguu na kushindwa kupanda kilima mpaka kanisani, Makandi aliomba uhamisho akaja kufundisha Kanja, ili mama asibaki na mgonjwa peke yake. Njuki alinung'unika juu ya dini yake siku chache, kisha akaonja uji wake akanyamaza.

Ikafika Novemba. Alasiri moja Makandi alikuwa sebuleni akichagua maharagwe na mama mkwe, akamuuliza majina ya marehemu wa ukoo ili ayapeleke kwenye Misa ya wafu. Ciakuthii alimwambia, kwa upole, kwamba hayo mambo hayamo katika Biblia. Yeye ameisoma yote, mara mbili.

"Yako, mama," Makandi alisema. "Ni Wamakabayo, kile kitabu cha pili."

Makandi aliingia chumbani, akatoka na Biblia yake, nene kuliko ile ya nyumbani, akaifungua katikati, akamwekea mapajani. Yule mama alipeleka kidole chini ya mstari kama alivyofundishwa gumbaru. Vita. Maiti. Hirizi ndani ya nguo. Sala, sadaka, Yerusalemu. Kila kitu kilikuwa pale pale alipokiacha akiwa mtoto makaburini, hata mpangilio wake ulikuwa ule ule.

Kilio chake cha kwanza kilikuwa cha babake. "Hakudanganya," alisema, akarudia. "Baba hakudanganya." Makandi, aliyekuwa amechanganyikiwa, alimweleza lile ambalo kwake lilikuwa jambo la kawaida: kwamba Wakatoliki wana vitabu kadhaa ambavyo wenzao hawana, kwamba wenzao husema Wayahudi wenyewe hawakuvihesabu katika maandiko yao, na kwamba watu wamebishana juu ya hilo tangu zamani. Akamwambia ukweli mwingine pia, kwa kuwa alikuwa mwalimu mwaminifu. Neno toharani lenyewe halimo hata humu. Kilichomo ni kwamba waliwaombea wafu, na kwamba ilikuwa vyema kufanya hivyo.

"Yanatosha," Ciakuthii alisema. Kisha uso wake ukabadilika, maana hesabu ya pili ilikuwa imemfikia. Kama baba alisema kweli, Njiru alikuwa huko. Alikuwa huko miaka yote hii, na mama yake, mtu pekee aliyekuwa akimwombea, aliacha. Alimwacha bila hata neno moja, mtoto aliyekufa akirudi nyumbani. Makandi alisema Mungu hawezi kumwacha mtu kwa sababu mama alikosa kitabu, lakini Ciakuthii alikuwa hamsikii tena. Alikuwa ameinuka na ile Biblia, anaelekea chumba cha mgonjwa.

Njuki alikuwa ameketi kitandani, mito mgongoni. Ciakuthii alimwekea kitabu mbele, akaweka kidole. Njuki hakuinama kusoma. Alikitazama kile kidole, na Ciakuthii akaelewa kabla hajasikia.

"Nilijua," Njuki alisema. "Tangu zamani. Hiyo kitabu iko kwa yenu, kwa yetu haiko."

Alijua siku ile kwenye vitanda vya kahawa aliposema nionyeshe. Alijua alipomwona akienda gumbaru, na alipomwona kila jioni na kidole chake. Alimwahidi kitu ambacho alikuwa na hakika hatakipata.

Ciakuthii alimuuliza kwa nini, na Njuki akaeleza, akipumzika kila baada ya maneno machache. Juma lile kabla Njiru hajafa alikuja Kanja mwanamke wa Ishiara, Wambura, mwuza asali. Alikuwa ametumwa na Njiru kuuliza: mbuzi nimempata, lakini mito imejaa, naomba ningoje mvua ipungue. Njuki alikuwa anajiandaa kwa meza ya Bwana siku ya Pasaka, na hakutaka kuikaribia akiwa na ugomvi na mwanawe. Maandiko yanasema upatane kwanza. Akamwambia Wambura ajibu kwamba Njiru asipofika kabla ya Pasaka, asije tena.

"Kwa hivyo alivuka," Njuki alisema. "Ukisema kuna mahali anangojea, basi ni mimi nilimweka huko. Mimi nilitaka iwe imeisha. Kwake na kwangu."

Makandi alikuwa mlangoni na sinia la maharagwe. Njuki akanyoosha mkono juu ya blanketi, ule mkono uliojaa maji, akasema kwamba yeye mwenyewe hatakaa sana.

"Mama Njiru. Nikienda, wewe utaniombea?"

Ciakuthii alimtazama. Hakuwa amewahi kumtolea mumewe neno la dharau tangu waoane.

"Na hiyo iko wapi kwa Biblia yako?" alisema. "Nionyeshe."

Akatoka. Hakumsemesha siku ile wala iliyofuata, ingawa alimlisha, akamgeuza, akampaka mafuta miguuni. Njuki aliomba apelekwe kanisani akatimize ahadi yake, lakini hata mlangoni hakuweza kufika. Alikufa kabla juma halijaisha, asubuhi, Ciakuthii akiwa kisimani.

Mazishi yalikuwa makubwa. Mchungaji mwingine, kijana, alisoma maandiko yale yale, mti na pale ulipoangukia, akawaombea waliobaki, na juu ya jeneza la mzee wa kanisa hakukuwa na ombi lolote, kama Njuki mwenyewe alivyofundisha maisha yake yote. Ciakuthii alisimama kando ya kaburi na macho makavu. Wanawake walisema amejaa nguvu ya Bwana. Hawakujua kwamba alikuwa anajiuliza kama lile neno lake la mwisho lilimsindikiza mzee mpaka huko, kama lile la mzee kwa Wambura lilivyomsindikiza Njiru mtoni.

Baada ya hapo alirudia sala zake. Kila jioni, kabla ya chakula, aliketi na Makandi na mwanawe, aliyerudi nyumbani kutoka Meru baada ya mazishi, na ambaye sasa alimwita Nthiga kwa sauti wazi hata kijana mwenyewe akaona haya. Walimwombea mzee Nthiga wa Karurumo. Walimwombea Njiru, na hapo Ciakuthii alikaa muda mrefu, akilipa miaka aliyoacha. Aliwahi kumwambia Makandi kwamba ikiwa wale waliokufa na hirizi kwenye nguo waliombewa, basi wake, aliyekufa na kamba ya mbuzi mkononi, ana haki zaidi. Kisha ilifika zamu ya jina la tatu, na kila jioni alinyamaza. Andiko alikuwa nalo, ameliona kwa macho yake. Hakuna mtu duniani aliyekuwa anamzuia tena. Makandi na Nthiga walingoja, wakisikiliza sufuria ikichemka, halafu yeye alisema, "Huyo bado," akafanya ishara ya msalaba.

Ilikwenda hivyo mwaka, na mwingine. Makandi alimwona mama akizeeka, akikohoa asubuhi, akishika ukuta anapopita. Jioni moja, baada ya lile "huyo bado", alishindwa kuvumilia.

"Mama," alimwambia, "na ukienda kabla hujamtaja?"

Ciakuthii hakukasirika. Alifikiri, akaitazama mikono yake, machozi yakamshuka pole pole bila yeye kuyafuta.

"Basi tutakutana huko, mimi na yeye," alisema. "Tutamalizia huko. Pakua chakula."